Hamri na Mchicha: Kipi Chaujenga Mwili?

Haya ni maneno aliyoyasema mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya akina mama, wazee na vijana waliokusanyika Ukunda, katika Kwale. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, ili wale ambao hawakuweza kuhudhuria wapate kuyasoma.



Kabla ya kusema neno lo lote yanipasa kukiri jambo moja. Asubuhi ya leo niliposhuka garini pale penye njia panda, ambapo barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga huiacha ile iendayo pwani ya Diani, nilisikia harufu ya iliki na mafuta ya moto. Miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilikula mahamri matatu kwa kikombe cha chai yenye sukari nyingi, nayo yalikuwa matamu sana. Basi mtu asidhani kwamba nimekuja hapa kuyatukana mahamri. Mwenye kuyatukana mahamri mbele ya watu wa Pwani aweza kurudishwa Likoni kwa miguu.

Nimeombwa nilinganishe vyakula viwili ambavyo kila mtu hapa avijua: mkate mtamu na mboga za majani zilizopikwa. Nisemapo mkate mtamu nakusudia mahamri, maandazi, skonsi, keki, na mikate yote ya unga mweupe wa ngano iliyotiwa sukari. Nisemapo mboga nakusudia mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde, majani ya mronge, mnavu, na ule mchunga ambao Wadigo huuita mtsunga.

Twaanza na mkate, kwa sababu ndio unaopendwa, na ni vizuri tuutendee haki. Unga, sukari, tui na mafuta ni vyakula vya kutia nguvu. Wataalamu huipima nguvu hiyo kwa kipimo kiitwacho kalori. Gramu 100 za maandazi, yaani mawili ya kadiri, zina kalori zaidi ya 300. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kalori 20 na kitu tu. Mvuvi avutaye juya tangu alfajiri, au kijana akataye mawe ya matumbawe juani, hawezi kuifanya kazi hiyo kwa bakuli la mchicha peke yake. Ataanguka kabla ya adhuhuri. Tena unga wa ngano una protini, ambayo ni chakula cha kujenga nyama ya mwili, kadiri ya gramu 10 katika kila gramu 100 za unga. Mchicha uliopikwa una gramu 2 hivi. Katika mambo haya mawili mkate washinda, na asemaye kwamba mkate hauna faida hasemi kweli.

Lakini mwili wa mtu haujengwi kwa nguvu tu, kama vile nyumba isivyojengwa kwa miti tu bila ya udongo na makuti. Yako mambo mengine madogo madogo ambayo mwili huyahitaji kwa kipimo kidogo mno, na yakikosekana mtu huugua hata akiwa ameshiba. Baadhi yake huitwa vitamini. Nilipoanza kazi ya kufasiri neno hili lilinitaabisha. Nilijaribu kulitafutia neno la Kiswahili safi. Nikaandika, nikafuta, nikawauliza wazee, na mwisho nikaliacha kama lilivyo. Wanafunzi wa skuli sasa walisema bila ya shida, nami nimenyamaza.

Mambo hayo madogo yamepotelea wapi katika mkate? Punje ya ngano ina ganda lake, ambalo ndilo pumba, ina kiini kidogo kiwezacho kuota, na katikati ina unga. Mashine za kusaga unga mweupe huliondoa ganda na kiini, ili unga upate kuwa laini na usiharibike upesi ghalani. Sehemu kubwa ya vitamini na madini ilikuwa katika ganda na kiini, na hizo huenda kulishwa ng'ombe. Hatari ya jambo hili ilifahamika zamani. Katika miaka ya 1890 daktari mmoja wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa katika kisiwa cha Java, aliona kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa sana walipooza miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda walipona. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Yaliyompata kuku wa Java kwa mchele yaweza kumpata mtu aliye po pote kwa chakula kilichoondolewa ganda, ikiwa hali kitu kingine.

Najua yuko mtu hapa atakayesema kwamba unga wa siku hizi umerudishiwa vitamini kiwandani. Ni kweli. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yawataka wenye viwanda watie madini ya chuma, zinki na baadhi ya vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika paketi, na vitamini A katika mafuta ya kupikia. Jambo hili ni jema, na ni vizuri mnunuapo paketi msome maneno yaliyoandikwa juu yake. Lakini kiwanda hakirudishi yote kilichoyaondoa. Na mafuta yaliyochemshwa tena na tena karaini, leo na kesho na keshokutwa, hayabaki na vitamini yake.

Sasa tuyatazame majani. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina kadiri ya miligramu 200 za kalsiamu, ile chokaa ijengayo mifupa na meno. Unga mweupe usiotiwa kitu una miligramu 15 hivi. Sisemi kwamba mwili huichukua chokaa yote ya mchicha, kwa kuwa ndani ya jani hilo mna kitu kinachoishika sehemu yake. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Mchicha una madini ya chuma yapatayo miligramu 2, ambayo kazi yake ni kuifanya damu iwe nzuri. Una vitamini C, ambayo katika unga haimo kabisa. Una foleti, vitamini ambayo mwanamke mwenye mimba huihitaji tangu majuma ya kwanza kabisa ili uti wa mgongo wa mtoto uumbike sawasawa. Na zaidi ya yote, majani yote ya rangi ya kijani iliyokoza yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto aliyekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu huanza kwa kushindwa kuona magharibi inapoingia. Wenzake wanacheza bado, yeye anapapasa ukuta. Asipotunzwa aweza kupofuka, na magonjwa kama surua humwelemea kuliko mtoto mwingine.

Nimesema rangi ya kijani iliyokoza, nami nalirudia kwa sababu maalumu. Katika soko la hapa nimeona makabeji makubwa meupe yaletwayo kutoka Taita na sehemu nyingine za bara, na mwenye kulinunua kabeji hulibeba mkononi wazi, watu wote walione. Mwenye fungu la mchunga hulificha ndani ya kikapu. Kabeji si chakula kibaya, lakini majani yake meupe ya ndani yana vitamini A kidogo sana kuliko mchunga ule uliofichwa, ambao uliota wenyewe shambani.

Hapa ndipo penye jambo lililonileta. Mboga zetu hazikosekani kwa sababu hazipo. Zinakosekana kwa sababu tunazionea aya. Mchunga ni mchungu, jina lenyewe lasema hivyo, na watu husema ni chakula cha siku za njaa. Kisamvu ni cha mtu asiyeweza kununua samaki. Lakini mgeni akija twamkimbilia mwenye mahamri, na mtoto akilia twamnyamazisha kwa andazi. Hivyo mtoto hujifunza kabla ya kusema vizuri kwamba kilicho kitamu na cheupe ndicho cha heshima.

Wala siwasemi ninyi peke yenu. Miaka michache iliyopita nilipewa kitabu kidogo nikifasiri, kihusucho chakula cha watoto wadogo. Nilikaa nacho majuma mawili, nikiandika kwa lugha iliyonyoka namna mzazi apasavyo kumlisha mwanawe. Wakati ule ule nyumbani kwangu binti yangu, mwenye umri wa miaka mitatu, alikuwa akila chai na hamri asubuhi, na mchana hamri iliyobaki, na jioni wali kidogo na mchuzi, akiyatoa majani kwa kidole na kuyaweka ukingoni mwa sahani. Tulicheka, tulisema ni mtoto, ataacha. Akawa mchovu. Akapenda kukaa kuliko kucheza. Mama yangu, ambaye hakusoma, alimfunua kope la jicho akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu hana damu." Tukampeleka hospitali, akapimwa, ikaonekana ni kweli. Muuguzi akaniuliza mtoto anakula nini, nami niliyekifasiri kitabu nilishindwa kumjibu kwa aibu.

Binti yangu alipona. Sitawadanganya kwamba aliponywa na mchicha. Aliponywa na dawa ya chuma aliyopewa na mganga, na dawa ya minyoo. Hili ni jambo kubwa katika sehemu hizi, maana upungufu wa damu una sababu nyingi: malaria, safura, na kichocho, ambacho Kwale yakijua vizuri tangu zamani. Mtoto mwenye macho meupe na apelekwe zahanati au hospitali ya Msambweni akapimwe. Asiwekwe nyumbani akilishwa majani kwa kutumaini. Kazi ya mboga ni kumjenga na kumlinda aliyekwisha kupona, na kumkinga ambaye bado hajaugua.

Wazee wengine wameniuliza kama mambo haya yamechunguzwa katika nchi yetu, au ni maneno ya Ulaya tu. Yamechunguzwa, na tangu zamani. Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walitoa taarifa juu ya chakula na afya ya Wamasai na Wakikuyu. Wamasai walikula zaidi maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula zaidi nafaka na viazi. Wanaume wa makabila hayo mawili walitofautiana sana kwa urefu na nguvu. Wataalamu hao walitaja pia kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ya mboga kuliko waume zao. Wataalamu wa baadaye wameikosoa taarifa hiyo katika mengi, na ni haki yao. Boyd Orr baadaye akawa mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Mimi lanipendeza kufikiri kwamba katika safari yake hiyo mna wanawake wa shambani waliochuma majani ambayo waume zao waliyadharau.

Nilipofika hapa katika maneno yangu bi mkubwa mmoja aliyeketi mbele aliinua mkono. Kwa idhini yake nayaeleza aliyoyasema, kwa sababu yalikuwa na uzito kuliko yangu. Alisema: "Mwanangu, mimi nimeuza mahamri miaka thelathini. Kwa karai hii nimesomesha watoto wanne. Sasa wataka watu waache kununua, nami nile hayo majani?"

Bi mkubwa, sitaki watu waache kununua. Nataka tukumbuke namna mahamri yalivyoliwa hapa Pwani na wazee wetu. Yaliliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi. Sasa sikilizeni ajabu yake. Protini ya ngano imepungukiwa na kitu kimoja ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, na kitu hicho kimo tele katika mbaazi. Mbaazi nayo imepungukiwa na kitu ambacho kimo katika ngano. Vikiliwa pamoja kila kimoja humaliza upungufu wa mwenziwe. Hapakuwa na mtaalamu aliyewafundisha bibi zetu jambo hili. Sisi ndio tuliokuja kuitenga hamri na mbaazi yake, tukaiweka kwenye karatasi, tukaila njiani kwa chai au kwa soda. Basi auzaye mahamri na auze na mbaazi, na auzaye mbaazi na aweke kando sufuria ya mchicha wa nazi. Faida yake haitapungua, na huenda ikazidi.

Juu ya sukari nitasema machache. Shirika la Afya la Dunia lashauri kwamba sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na kwa mtu mzima hiyo ni kadiri ya gramu 50, yaani vijiko vidogo kumi na viwili. Na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kufika tisa kabla ya kuila hamri. Sisi watu wa upande huu tumeishi na miwa. Kiwanda cha Ramisi kilisaga sukari tangu miaka ya 1920 hata kilipofungwa mwaka 1988, na wengi hapa walilelewa kwa mshahara wake. Lakini meno ya watoto hayajui habari za mshahara, wala ugonjwa wa kisukari haujui.

Sasa namna ya kupika, maana mboga njema yaweza kuuawa jikoni. Yaosheni majani kabla ya kuyakata, si baada. Yakikatwa kwanza sehemu ya vitamini huenda na maji. Tieni maji machache, na mchicha usipikwe mpaka ukawa mweusi. Msitie magadi ili kuulainisha. Najua wengi hutia, kwa kuwa majani hubaki na rangi nzuri, lakini magadi huiua vitamini C. Tui la nazi si la utamu tu: ile vitamini A ya majani haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta, na tui ni mafuta. Kamueni ndimu juu ya mboga, au kuleni chungwa baada yake, kwa kuwa chuma cha majani ni kigumu kuingia katika damu, na vitamini C hukifungulia mlango. Chai hukifunga mlango huo. Kwa hiyo chai ya mtu mzima na ingoje muda wa saa moja baada ya kula, na mtoto mdogo asipewe chai kabisa. Dagaa kidogo wakitiwa ndani ya mboga hiyo watasaidia pia.

Kisamvu kina sheria yake peke yake. Majani ya muhogo yana sumu, na mabibi zetu waliyatwanga sana na kuyachemsha kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Sufuria iachwe wazi mvuke utoke. Nimesikia vijana wa mjini wakiyakata kwa kisu na kuyapika kwa haraka kama sukumawiki. Hiyo ni hatari, wala si maendeleo.

Mama mmoja ameuliza afanye nini miezi ya kiangazi, majani yanapokuwa haba. Yakaushwe wakati wa mvua, yanapokuwa tele. Majani ya kunde na ya mronge hukauka vizuri yakitandazwa juu ya mkeka safi, lakini kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huiharibu vitamini A. Yakisha kukauka yawekwe katika chombo chenye kifuniko, mahali pa giza. Yale ya mronge husagwa yakawa unga, na kijiko cha unga huo chatiwa katika uji wa mtoto. Aliyezoea uji mtupu atakunja uso siku ya kwanza na ya pili. Anzeni kwa nusu kijiko.

Binti yangu sasa yuko skuli. Asubuhi bado hula hamri moja, kwa kuwa baba yake naye hula. Mbaazi hula bila ya kuambiwa. Mchicha hula akiwa amekasirika kidogo, na mchunga bado amekataa, wala simlazimishi. Bibi yake amesema ataushughulikia yeye mwenyewe wakati wa likizo.

Akina mama wa hapa wamepika sufuria nne, nazo ziko pale chini ya mwembe: mchicha wa nazi, kisamvu, matembele, na mchunga. Mahamri yapo pia, ya bi mkubwa. Wazee watangulie kunawa mikono.